Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Hospitali za Saratani: Jitimai ya Mgonjwa Ipimwe, na Ipimwe Tena

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa hospitali zitibuzo saratani katika Tanzania na Kenya, na kwa Mabwana na Mabibi waliokabidhiwa idara za ushauri nasaha katika hospitali hizo.

Nataka radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo kwa desturi ya adabu lingetiwa katika bahasha. Lakini bahasha mbili nilikwisha kuzipeleka masjala, kila moja ikapigwa mhuri wa kupokewa na kutiwa tarehe, na tangu siku hizo hadi leo, ambapo mwezi wa kumi na moja unakwisha, sijapata hata neno la kuambiwa kwamba barua zangu zimesomwa. Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani. Si tabibu, wala sijifanyi tabibu. Elimu yangu katika jambo hili nimeipata kwa dada yangu, aliyenitangulia kuzaliwa kwa miaka saba, ambaye alipatwa na saratani ya mlango wa kizazi, na mimi ndiye niliyempeleka hospitali, nikambebea faili, nikalala ukumbini pamoja na jamaa wa wagonjwa wengine, na baadaye, kwa haya ya mtu ambaye maradhi yamemkuta hajui kitu, nikaanza kusoma yaliyoandikwa na wajuzi.

Hospitali hiyo sitaitaja kwa jina. Ukumbini pale nilisikia kisa hiki hiki kutoka kwa watu waliouguza jamaa zao mahali pengine, na kuitaja moja ni kuzitakasa nyingine.

Kwa insafu niseme kwanza kwamba saratani yenyewe mliitibu vizuri. Siku 25 za mionzi, tano kila juma kwa majuma matano, zilitimia, ila siku mbili mashine ilipoharibika zikasogezwa mbele. Ikafuata mionzi ya ndani. Daktari bingwa alikuwa mpole, na wauguzi walikuwa wachache kuliko kazi yao lakini hawakuwa wakali. Dada yangu alikuja hospitali na ukili wake. Ni msuka mikeka, na tangu utoto wetu sikumbuki kumwona ameketi mikono mitupu. Hata foleni ya mionzi aliingia na ukili mapajani, akisuka na kuwafundisha wanawake wa bara ambao hawakupata kuona ukindu ukitiwa rangi. Juma la tatu aliuweka chini ya mto, asiushike tena. Akaugeuza uso wake ukutani. Chakula alikionja kwa kuogopa kunivunja moyo. Usiku hakulala, na mchana alilala bila ya usingizi. Na mjukuu wake, ambaye zamani hata kikohozi chake tu kwenye simu kilimchekesha, alipopigiwa ili amsemeze bibi yake, bibi alisema amechoka, akanirudishia simu.

Nikamwambia sista wa wodi, naye akafanya haraka, Mungu amlipe. Siku ya pili alikuja mshauri nasaha, kijana mwenye adabu, akaketi naye kwenye benchi la ukumbini kwa muda wa robo saa, akamwambia asikate tamaa, ale matunda, amtegemee Mungu, kwani wengi wamepona. Kisha akaandika katika faili maneno matatu: Amepata ushauri nasaha. Kuanzia hapo, kila nilipolalamika kwamba hali haibadiliki, faili lilifunuliwa, nikaonyeshwa maneno yale kwa kidole, kama karani amwonyeshavyo mtu stakabadhi ya deni lililokwisha lipwa.

Hiyo ndiyo daawa yangu yote. Silalamiki kwamba dada yangu alinyimwa msaada wa nafsi; nalalamika kwamba alipewa, na hakuna hata mmoja aliyerudi kutazama kama ulimfaa. Hoja zangu ni hizi.

1. Jitimai hii ni maradhi yenye dalili zake, wala si udhaifu wa imani. Matabibu wa leo huyaita sonona. Watu wa mitaani husema mgonjwa "ana mawazo". Sisi wa pwani tulikuwa na neno jitimai, na lilitutosha. Sidai kwamba kila aliaye wodini ana maradhi hayo, maana mtu aambiwaye kwamba ana saratani asihuzunike, huyo ndiye wa kushangaza. Bali yuko mwenye huzuni ambaye mgeni akifika hufurahi, akimenyewa chungwa husikia utamu wake, na akijaliwa kulala usiku mmoja asubuhi huwa mtu mwingine. Na yuko yule ambaye mgeni na chungwa na asubuhi vyote kwake vimekuwa kitu kimoja, siku baada ya siku, kwa majuma mawili na zaidi. Huyu wa pili ndiye ninayemtetea. Mwaka 2011 wataalamu walizikusanya pamoja tafiti 94 ambazo wagonjwa walihojiwa ana kwa ana, wakaona kwamba katika kila wagonjwa 100 wa saratani takriban 16 walikuwa na sonona kamili, mbali na wale wenye majonzi ya daraja za chini. Miaka mitatu baadaye ulitangazwa utafiti wa kliniki za saratani za Scotland, ambamo wagonjwa zaidi ya 21,000 walichunguzwa: wenye saratani ya mapafu walioonekana na sonona walikuwa 13 katika 100, wa viungo vya uzazi vya kike karibu 11, wa matiti 9, na katika wote walioonekana nayo, 73 katika kila 100 hawakuwa wakipata tiba yenye nguvu ya kuwafaa. Scotland, nawakumbusha, ni nchi ambayo mgonjwa haulizwi senti mlangoni.

Kila moja ya nchi zetu mbili yakadiriwa kupata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Nisba ile ya 16 katika 100, nikiipigia hesabu ya darasa la tano, ni watu 6,400 katika nchi moja kwa mwaka mmoja. Mtaniambia kwamba nisba ya wageni si nisba yetu. Nami nauliza, ni kwa hoja gani sisi, ambao aghalabu twafika hospitali maradhi yamekwisha komaa, baada ya kuuza mbuzi na minazi ili tupate nauli, tungekuwa na nyoyo nyepesi kuliko zao?

2. Swali mnalouliza halina jibu ila moja. Kijana yule alipoketi na dada yangu alianza kwa "Hujambo, mama?" naye akajibu "Sijambo." Akauliza, "Unajisikiaje leo?" akajibu "Alhamdulillahi." Akauliza kama ana shida yoyote, akajibu "Tunashukuru." Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo, na wallahi nilitaka kupiga kelele. Lakini dada yangu hakusema uongo, wala kijana hakuwa mjinga. Lugha yetu imetulea hivyo. Hujambo maana yake huna jambo, na sijambo ni kusema sina jambo, na mtu hulisema hata kama jambo alilonalo limemjaa hadi kooni. Mtu aliyefiwa na baba yake usiku, akiulizwa habari asubuhi, hujibu "Njema," ndipo aifuatishe ile "ila" yake. Adabu hiyo nimewafundisha watoto kwa miaka 31 na sijutii. Ila ni pazia, na mshauri ambaye naye amezaliwa nyuma ya pazia hilo hilo ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kujua kwamba lipo.

Zaidi ya adabu kuna hofu. Mgonjwa aliyelelewa katika dini, Mwislamu kwa Mkristo, ameambiwa tangu utoto kwamba kushukuru katika shida ni ibada, naye huogopa kwamba akisema amechoka kuishi atakuwa amekufuru. Kisha kuna sisi jamaa, tusimamao karibu tukisikiliza kwa mapenzi yetu yasiyo na busara. Mgonjwa atawezaje kusema mbele ya ndugu aliyeuza ng'ombe kwa ajili yake kwamba angependa kurudishwa nyumbani akalale? Na aghalabu sisi ndio tuliomwomba daktari amfiche mgonjwa jina la maradhi yake, na mgonjwa, ambaye amelisoma jina hilo kwenye kibao cha mlangoni, hutuficha kwamba analijua. Basi hukaa wote katika chumba kimoja kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kimya, na kimya hicho ndicho chakula kizuri cha jitimai.

Tena liko jambo la unyumba, ambalo nalitaja kwa haya lakini nalitaja. Mionzi ya mahali pale huleta ukavu na kuacha makovu, na mwanamke hurudi kwa mumewe hajui aseme nini, na mume hajui aulize nini. Shemeji yangu aliacha kuja kumtazama mkewe tangu juma la pili. Mimi, ndugu yake wa kiume, nisingeweza kumwuliza dada yangu habari hiyo, wala yeye asingeweza kunijibu hata kama roho yake ingetoka. Habari hiyo ilitaka mwanamke mwenziwe, na chumba chenye mlango. Badala yake alipewa kijana wa rika la wanawe, na benchi, na watu saba wakingoja vipimo pembeni.

Waulizeni basi kwa maswali ambayo sijambo si jibu lake. Jana ulilala saa ngapi, ukaamka saa ngapi? Ni kazi gani ya mikono uliyokuwa ukiipenda, na mara ya mwisho uliishika lini? Nani hajaja kukutazama? Wako wauguzi wazee waulizao hivyo bila ya kufundishwa na mtu, na mgonjwa aliyesema alhamdulillahi kwa mwezi mzima huanza kulia kabla ya swali la tatu.

3. Kisichopimwa tena hakijatibiwa. Kabla ya kila dripu ya dawa za saratani damu ya mgonjwa hupimwa, na chembe nyeupe zikiwa chache dawa huahirishwa, wala hakuna tabibu atakayekubali kuambiwa "huyu alikwisha kupimwa damu mwezi juzi." Mbona nafsi yake yahukumiwa kwa maneno matatu ya siku moja? Kipimo kipo. Tangu mwaka 2001 iko karatasi ya maswali tisa, inayomwuliza mgonjwa mambo yaliyomsumbua kwa majuma mawili yaliyopita, kila swali likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, jumla 27, na aliyefika 10 huchunguzwa zaidi. Karatasi hiyo imekwisha tafsiriwa kwa Kiswahili na kujaribiwa katika Kenya na Tanzania. Gharama yake ni ya karatasi. Daktari mmoja aliniambia, kwa uungwana, kwamba haifai kwa wagonjwa wa saratani kwa kuwa yauliza habari za usingizi, uchovu na hamu ya chakula, mambo ambayo saratani na dawa zake huyaharibu hata kwa mtu mchangamfu. Hoja hiyo ni nzuri, lakini imekwisha jibiwa: mwaka 1983 Zigmond na Snaith walitunga kipimo kingine cha maswali 14 kwa wagonjwa wa hospitali, nao waliziacha kwa makusudi dalili za mwili. Chagueni mkitakacho. Chaguo moja tu silikubali, la kutopima.

Na faida ya kupima tena si ndoto yangu. Huko huko Scotland, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2014, wagonjwa 500 wa saratani wenye sonona waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliendelea na utaratibu wa kawaida, yaani daktari wao aliarifiwa, basi. Fungu la pili lilikabidhiwa kwa wauguzi wa saratani waliofundishwa kazi hiyo na kusimamiwa na daktari wa magonjwa ya akili, vikao visivyozidi kumi katika miezi minne, hali ya mgonjwa ikipimwa kila mara, na tiba ikibadilishwa ilipoonekana haisaidii. Baada ya majuma 24, walioondokewa na nusu au zaidi ya dalili zao katika fungu la kwanza walikuwa 17 katika 100. Katika la pili, 62. Kuarifu na kuacha, na kurudi kutazama: tofauti kati yake ni hiyo.

Swali la tisa katika karatasi ile huuliza kama mgonjwa amewaza kwamba ingekuwa heri afe, au ajidhuru. Najua wauguzi wengi huliruka, kwa kudhani kwamba kuuliza ni kumtia mtu wazo asilokuwa nalo. Hofu hiyo haina msingi. Tafiti zimeonyesha kwamba kuuliza hakuzidishi hatari, na mara nyingi mgonjwa hushusha pumzi kwa kupata wa kumwambia. Nchini Kenya Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria za jinai, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji, hakipatani na Katiba. Jaji amekwisha kutanguliza rehema; muuguzi naye asiogope kuuliza.

4. Mnamwita mtoro mtu ambaye ni mgonjwa. Dada yangu alimaliza mionzi, tukarudi Pangani, na siku ya kliniki yake ya kwanza ilipofika alikataa kuamka kitandani. Nilibembeleza, nikakasirika, nikanyamaza. Nilipokwenda peke yangu kueleza, daftari lilikwisha andikwa kwamba ni mtoro. Neno hilo nalijua vizuri kutoka shuleni, na hata shuleni nililitumia kwa kukosea, kwa watoto waliokuwa wakilea wadogo zao. Mwaka 2000 zilikusanywa tafiti za wagonjwa wa maradhi mbalimbali, ikaonekana kwamba mwenye sonona huelekea kuacha kufuata matibabu mara tatu zaidi ya asiye nayo. Basi fikirini hasara: mmeteketeza siku 25 za mashine ghali, na dawa, na taaluma ya daktari bingwa, kisha mgonjwa anawaponyoka kwa sababu ambayo karatasi moja na simu moja zingeionyesha.

5. Maumivu yatangulie nasaha. Hili nalipitia kwa haraka kwa kuwa halina ikhtilafu. Mtu anayeumwa hana masikio. Jirani zetu wa Uganda, tangu Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, wamezoea kumpa mgonjwa mofini ya maji anywe nyumbani kwake, na tangu 2004 sheria yao imewaruhusu wauguzi waliofundishwa tibashufaa, yaani tiba ya kumtuliza mgonjwa mateso yake, kuiandika dawa hiyo wenyewe. Huko Boston, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2010, wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyokwisha sambaa walifuatwa, na katika wale walioanzishiwa tibashufaa mapema waliokuwa na dalili za sonona walikuwa 16 katika 100, na katika wenzao 38. Lakini kwetu mgonjwa hupelekwa tibashufaa wakati ambapo jamaa wamekwisha ulizia bei ya sanda.

6. Msituambie kwamba hakuna wataalamu. Kwamba madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache twajua, na kwamba mgonjwa huogopa hata kuandikiwa rufaa kwao twajua zaidi, maana Tanzania Bara jina la Mirembe, na Kenya jina la Mathari, na Unguja jina la Kidongo Chekundu, yamekuwa midomoni mwa watu matusi ya kumwitia mwenda wazimu, jambo ambalo hospitali hizo hazikulistahili. Lakini tazameni Zimbabwe. Kuanzia mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, Daktari Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wa mtaani, wengi wao nyanya waliokwisha lea wajukuu, waketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati, wamsaidie kuchagua tatizo moja na kulitafutia njia, kisha arudi tena, na tena. Washona wana neno lao, kufungisisa, ambalo ni kuwaza kupita kiasi. Ni yale yale "mawazo" ya kwetu. Utafiti wa zahanati 24 uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliobaki na dalili za sonona katika waliopewa benchi walikuwa karibu 14 katika 100, na katika wasiopewa, 50. Mpango huo umevuka bahari ukafika Zanzibar, basi msiseme kwamba ni mambo ya mbali. Mtasema nami nimelilaumu benchi la ukumbini nikalisifu benchi la Harare. Ndiyo, kwa sababu lile la Harare limewekwa kando chini ya mti, na mgonjwa hurudi kwalo akamkuta mtu yule yule.

Nyanya hawawezi yote. Jitimai nzito hutaka dawa, na dawa hutaka mtu ajuaye saratani na akili kwa pamoja: fluoksetini, kwa mfano, huzuia kimeng'enya cha ini kinachoigeuza tamoksifeni kuwa kitu chenye nguvu, kwa hiyo mwanamke wa saratani ya matiti asipewe kwa kubahatisha, na amitriptilini, iliyo rahisi kupatikana, hufunga choo, ilhali mofini imekwisha kukifunga.

Tena niseme nisichokitaka, nisije nikadhaniwa mwuza ndoto. Mwaka 1989 David Spiegel wa Marekani alitangaza kwamba wanawake wa saratani ya matiti waliokuwa wakikutana kwa mazungumzo ya tiba waliishi muda mrefu zaidi ya wenzao, na dunia ikafurahi. Mwaka 2001 utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 235, haukuona nyongeza hiyo ya umri, bali uliona kwamba nyoyo zao zilipata nafuu na maumivu yao yalipungua. Kwangu mimi hiyo yatosha. Siombi mrefushe maisha ya mtu kwa maneno. Naomba siku alizobakiziwa asizipitishe akitazama ukuta.

Maombi yangu basi ni haya, na nimeyapima yasizidi uwezo wenu. Karatasi ya maswali ishonwe ndani ya faili la kila mgonjwa wa saratani, ijazwe siku anayoanza matibabu, ijazwe katikati, ijazwe anapomaliza, na kila kliniki baada ya hapo, na alama yake iandikwe katika ukurasa ule ule inapoandikwa hesabu ya damu, ili daktari bingwa asiweze kusoma moja asiione nyingine. Kila wodi iwe na muuguzi mmoja aliyefundishwa, mwanamke katika wodi ya wanawake, na saa za kazi hiyo ziandikwe katika zamu yake, maana kazi isiyo na saa ni kazi isiyokuwepo. Kitafutwe chumba chenye mlango. Nimeona stoo za mafaili makuukuu zenye nafasi na dirisha, na mafaili hayawezi kulalamika. Mgonjwa asiyefika kliniki apigiwe simu kabla ya kuandikwa neno lolote katika daftari. Na yale maneno matatu, Amepata ushauri nasaha, yafutwe kabisa katika mafaili yenu, mahali pake iandikwe alama ya siku ile na tarehe ya kurudiwa.

Mtapenda kujua habari za dada yangu. Muuguzi mstaafu, jirani yetu wa mtaa wa pili, alisikia kwamba hatoki nje, akaja bila ya kuitwa. Hakumwuliza hali. Alimwuliza ukili uko wapi. Dada yangu akalia, na mimi nikaambiwa nitoke, nikatoka. Mama huyo alirudi kila Jumatano kwa miezi mitatu na nusu. Katika mwezi wa kwanza alimpeleka kwa daktari wa wilaya, akaandikiwa dawa, ya kwanza haikupatana naye, ikabadilishwa. Shemeji yangu hakurudi. Ukili umerudi, ingawa mikono yake sasa husuka polepole, na ziko siku ambazo bado hauushiki, nami nimejifunza kutouliza.

Tarehe ya kliniki yake ijayo imeandikwa kwenye kadi. Nitakuja naye, na nitaomba faili lifunuliwe mbele yetu sote wawili.

Wasalaam.

Ndimi mwenye kuwaheshimu,
Mwalimu mstaafu, Pangani